Kununua kurasa asilia za katuni: kuusoma ukurasa, kuupima bei na kuutunza

Kitabu cha katuni huchapwa kwa maelfu, lakini ukurasa uliochorwa kwa mkono kabla ya kuchapwa ni mmoja tu. Ni karatasi nene yenye penseli, wino, gundi na madoa ya vidole. Kiwanda kiliupiga picha kwa ajili ya kuchapa, na baada ya hapo hakikuwa na haja nao tena. Uchukulie hivyohivyo, kama kifaa cha kazi kilichotumika, na maswali mengi ya uhalali, bei na utunzaji utayajibu kwa kuangalia alama ambazo kazi ile iliziacha juu yake. Ndiyo maana ukurasa msafi kupita kiasi humtia mnunuzi mzoefu wasiwasi kuliko ule mchafu.

Jinsi ukurasa ulivyotengenezwa

Katika katuni za Marekani kazi iligawanywa: mmoja alichora kwa penseli, mwingine akatia wino juu ya penseli ileile, wa tatu akaandika maneno kwenye viputo. Rangi haikuwekwa hapo. Ilipakwa kwenye nakala nyingine, kwa hiyo ukurasa asilia wa kitabu chenye rangi huwa mweusi na mweupe. Ukiona ukurasa wa Marekani wa miaka ya 1970 wenye rangi kamili, mara nyingi ni mojawapo ya mambo mawili. Huenda ni mwongozo wa rangi, yaani nakala iliyopakwa rangi kwa mkono ili kumwelekeza mchapaji, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya ukurasa wenyewe. La sivyo, kuna mtu aliyeupaka baadaye akauharibu.

Kifaa cha kwanza cha mkusanyaji ni rula. Hadi karibu mwaka 1967, kurasa za Marvel na DC, kampuni mbili kubwa za katuni za Marekani, zilichorwa kubwa, eneo la mchoro likiwa takriban inchi 12.5 kwa 18.5, sawa na sentimita 32 kwa 47. Baada ya hapo likapunguzwa hadi inchi 10 kwa 15, kwenye karatasi ya inchi 11 kwa 17, na kipimo hicho ndicho kilichoendelea kutumika. Ukurasa unaodaiwa kuwa wa 1963 halafu una kipimo kidogo umejishtaki wenyewe. Ulaya vipimo hutofautiana kutoka mchoraji mmoja hadi mwingine, na baadhi ya wachoraji wa Ubelgiji na Ufaransa walichora ukurasa mmoja kwa nusu mbili, kila nusu kwenye karatasi yake. Kwa hiyo uliza kama unauziwa nusu au ukurasa mzima. Wachoraji wa manga, yaani katuni za Kijapani, kwa kawaida hutumia karatasi ya B4 (sentimita 25.7 kwa 36.4) na kubandika vipande vya karatasi ya nukta mahali pa vivuli. Kurasa hizo ni adimu sokoni, kwa kuwa wachoraji wengi huzihifadhi wenyewe.

Pembezoni ndipo penye ushahidi mwingi: jina la kitabu, namba ya toleo, namba ya ukurasa, maagizo ya mhariri, na mistari ya penseli ya buluu nyepesi ambayo kamera ya uchapaji haikuinasa. Mgongoni kunaweza kuwa na muhuri wa Comics Code, mfumo wa udhibiti ulioanzishwa 1954. Kwenye kurasa ambazo mchoraji Jack Kirby aliichorea Marvel miaka ya 1960 mara nyingi utakuta maandishi ya penseli yanayoeleza kinachotokea katika kila fremu. Marvel ilikuwa ikichora kwanza na kuandika maneno baadaye, kwa hiyo mchoraji alimwachia mwandishi maelezo hapo pembeni. Ukurasa uliokatwa kingo ili uingie kwenye fremu ya ukutani umepoteza ushahidi huo, na punguzo la bei ni halali kabisa.

Kurasa za karne hii zina mitego yake. Maneno siku hizi huwekwa kwa kompyuta, kwa hiyo ukurasa usio na viputo ni jambo la kawaida na si dosari, ingawa wanunuzi wengi, kwa haki, bado huupenda zaidi ule wenye maneno. La kuangaliwa zaidi ni hili: mchoraji akiwa mji mmoja na mtia wino mwingine, penseli hupigwa skani, hutumwa kwa barua pepe, na mtia wino huichapa kwa rangi ya buluu hafifu kwenye karatasi mpya, kisha hupaka wino juu yake. Hapo huzaliwa karatasi mbili, moja ya penseli tupu na moja ya wino juu ya buluu. Zote ni za kweli, lakini hakuna hata moja iliyobeba mikono yote miwili, na kila moja hupata bei ndogo kuliko ukurasa wa kawaida wa watu walewale. Muulize muuzaji waziwazi: wino uko juu ya penseli au juu ya buluu? Ikiwa mchoraji alifanya kila kitu kwa kompyuta, ukurasa asilia haupo. Kinachouzwa ni chapa, hata kama imeandikwa kwamba ni nakala moja pekee duniani.

Kurasa za zamani zilikwenda wapi

Kwa miongo mingi wachapishaji wa Marekani waliziona kurasa kuwa mali yao. Nyingine walizitunza ghalani, nyingine wakazigawa kwa wageni, na nyingi zikatupwa. Kuwarudishia wachoraji kulikuja kuwa kawaida kuanzia miaka ya 1970, kurasa zikigawanywa kati ya mchora penseli na mtia wino. Kirby alilazimika kubishana na Marvel kwa miaka, na mwaka 1987 alirudishiwa kurasa karibu 2,000 kati ya zaidi ya 10,000 alizokuwa amewachorea. Nyingine zilikuwa zimeshatawanyika kwa njia ambazo hazikuandikwa popote. Kampuni ya EC ni kinyume chake: mmiliki wake, William Gaines, alizihifadhi kurasa zake, ndiyo sababu kazi za EC za miaka ya 1950 zinapatikana zikiwa kamili kuliko za washindani wake. Na baadhi ya kazi hazitarudi sokoni kabisa. Kurasa 24 za Steve Ditko za Amazing Fantasy namba 15, alimoonekana Spider-Man kwa mara ya kwanza, zilitolewa zawadi kwa Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, mwaka 2008 na mtu ambaye hakutaka kutajwa.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba karatasi za umiliki za ukurasa wa kabla ya miaka ya 1970 mara chache huanzia kwa mchoraji. Zinaanzia kwenye mauzo ya kwanza yanayojulikana. Omba risiti ya zamani, picha ya katalogi ya mnada, au barua ya mmiliki aliyetangulia, uhifadhi nakala. Siku ya kuuza utaulizwa hayohayo.

Kinachofanya bei

Toleo moja la Marekani lina kurasa kama 20 hadi 22 za ndani na jalada moja. Uhaba huo peke yake unaeleza kwa nini jalada huwa juu. Linafuatwa na ukurasa wenye picha moja kubwa inayojaza karatasi nzima, kisha kurasa za fremu nyingi. Ndani ya kundi hilo la mwisho uliza maswali manne: shujaa yumo? Amevaa vazi lake, au ni mtu wa kawaida mwenye suti anayezungumza na simu? Anaonekana ukubwa gani? Kuna tukio ambalo msomaji wa kitabu hicho analikumbuka? Ukurasa wa mazungumzo ofisini na ukurasa wa vita, mchoraji yuleyule, toleo lilelile, hutofautiana bei mara kadhaa.

Jina la mchoraji lina nguvu, lakini tukio linaweza kulizidi. Mwaka 2012 jalada la Todd McFarlane la Amazing Spider-Man namba 328 liliuzwa dola 657,250. Mwaka 2014 ukurasa wa mwisho wa Incredible Hulk namba 180, uliochorwa na Herb Trimpe, ulipata bei hiyohiyo hadi dola ya mwisho. Ule wa pili haukuwa jalada, na kurasa za kawaida za Trimpe hazikukaribia kiasi hicho. Ila katika fremu yake ya mwisho Wolverine anatokea kwa mara ya kwanza kabisa. Januari 2022 ukurasa mmoja wa ndani wa Mike Zeck, kutoka Secret Wars namba 8, ulifika dola milioni 3.36 kwa sababu unaonyesha chanzo cha vazi jeusi la Spider-Man. Ulaya kilele ni Hergé, mchoraji wa Tintin: mchoro uliokusudiwa kuwa jalada la The Blue Lotus uliuzwa Paris mwaka 2021 kwa takriban euro milioni 3.2.

Usipime ukurasa wako kwa rekodi hizo. Njia ya kufaa ni kuingia kwenye kumbukumbu za nyumba za mnada (Heritage Auctions hufungua zake bure kwa aliyejiandikisha) na kutafuta mauzo matano hadi manane ya mchoraji huyohuyo, kitabu hichohicho, miaka inayokaribiana. Toa la juu kabisa na la chini kabisa. Yaliyobaki yaangalie kwa macho, si kwa namba tu, ukiyalinganisha na ukurasa ulio mbele yako kwa maswali yale manne. Mtia wino naye ahesabiwe: penseli ileile ikipita mikono miwili tofauti hutoa kurasa mbili ambazo soko huzipa bei tofauti. Bei zinazobandikwa na madalali kwenye tovuti zao ni maombi, na ukurasa uliokaa hapo miaka mitatu unakuambia wenyewe kwamba ombi ni kubwa.

Halafu kuna hesabu ambayo wageni huisahau. Tuseme nyundo ya mnada inagonga kwenye 1,000, yaani ndiyo bei ya mwisho iliyotajwa, na ada ambayo mnada humtoza mnunuzi ni asilimia 20. Unalipa 1,200, kabla ya usafiri, bima na ushuru wa forodha. Baadaye unauza kwa mnada unaokutoza asilimia 10. Ili 1,200 zako zirudi mkononi, nyundo lazima igonge 1,334. Bei ya nyundo imepanda kwa theluthi moja, na wewe hujapata hata senti ya faida. Kwa hiyo mnadani panga kikomo chako ukiwa umeshajumlisha ada, kiandike, na usikiguse joto likipanda. Katika nchi za Umoja wa Ulaya uliza pia kuhusu haki ya mchoraji ya kulipwa asilimia fulani kazi yake inapouzwa tena. Kisheria ni mzigo wa muuzaji, lakini baadhi ya nyumba za mnada humhamishia mnunuzi.

Kwa anayeanza, mahali pazuri ni kwa wachoraji walio hai na mawakala wao. Bei hutajwa wazi, uhalali hauna mjadala, na kurasa za kitabu kipya hutolewa zote kwa pamoja, hivyo anayewahi huchagua. Madalali wengi hukubali malipo ya awamu kwa miezi kadhaa, wakiushika ukurasa hadi umalize. Elewa tu kwamba unanunua karatasi, si haki ya kuichapa: fulana na mabango ya picha hiyo bado ni mali ya mwenye hakimiliki.

Kuthibitisha kabla ya kulipa

Tafuta kitabu kilichochapwa, uweke ukurasa husika kando ya picha kubwa ya kile unachouziwa. Kagua fremu kwa fremu, mstari kwa mstari. Ukurasa asilia lazima uwe na kila kilichochapwa, isipokuwa marekebisho yaliyobandikwa na kudondoka, ambayo huacha doa la gundi mahali yalipokuwa. Mwigaji anayefuatisha juu ya meza ya mwanga hupatia maumbo makubwa na kukosea madogo: vistari vya kivuli vinapungua idadi, ncha za nywele zinaishia pasipopaswa, mkwaruzo wa brashi kavu unageuka kuwa mistari iliyohesabika. Mkono unaofuatisha huenda polepole, na upolepole huo huonekana kama mtetemo kwenye mistari mirefu iliyotakiwa kuvutwa kwa pumzi moja.

Karatasi ikiwa mkononi, chukua lenzi ya kukuza mara 10. Wino halisi hukaa juu ya nyuzi za karatasi, hung'aa kidogo ukiuinamisha kwenye mwanga, na sehemu kubwa nyeusi huonyesha mapigo ya brashi. Chapa huonyesha nukta au weusi uliolingana kila mahali. Tafuta penseli iliyofutwa chini ya wino, na rangi nyeupe ya kusahihishia ambayo imeumuka kidogo juu ya karatasi. Kwa kazi inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1940, iwashie taa ya urujuanimno gizani. Karatasi zilianza kutiwa kemikali za kung'arisha karibu na 1950, kwa hiyo ukurasa wa 1943 unaowaka buluu kali ni mgeni katika mwaka wake. Kutowaka hakuthibitishi lolote, maana karatasi nyingi za baadaye pia haziwaki.

Kagua pia kilichobandikwa. Nembo ya jalada karibu kila mara ni nakala ya picha iliyogandishwa, na hiyo ni sawa. Ikiwa ya asili ilidondoka na imewekwa mpya, muuzaji aseme. Kuna kesi nzito zaidi, ambapo sura yenyewe ya mhusika mkuu imebadilishwa. Kirby alipochora Jimmy Olsen kwa DC mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyuso za Superman zilichorwa upya na Al Plastino na Murphy Anderson, kwa kuwa kampuni ilitaka ile ile iliyozoeleka. Ukurasa wa namna hiyo ni asilia kabisa, ila ujue ni mkono wa nani unaoulipia usoni.

Sahihi ya mchoraji si ushahidi wa kutosha. Wachoraji husaini chochote wanachoandaliwa mezani kwenye maonyesho, na wengine huchora upya majalada yao maarufu kwa wateja. Marudio hayo ni kazi halali za mkono wao, lakini bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na lile lililochapwa, na tofauti pekee kwenye katalogi inaweza kuwa neno moja linalosema ni marudio, au kwamba kimechorwa "kwa kufuata" fulani. Soma maelezo hadi mwisho.

Kupokea, kutunza, kuning'iniza

Kabla ukurasa haujatumwa, mwagize muuzaji autie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kati ya mbao mbili ngumu au kadibodi za mawimbi zilizopishana mwelekeo, zikizidi karatasi kwa sentimita 5 kila upande. Kusokota kwenye bomba ni marufuku: wino uliokauka miaka 50 hupasuka, na vilivyobandikwa hufunguka. Soma masharti ya bima ya msafirishaji, kwa kuwa kampuni nyingi huweka ukomo mdogo wa fidia kwa kazi za sanaa hata ukitaja thamani kubwa. Kifurushi kikifika, kipige picha kabla ya kukata na wakati wa kufungua.

Hifadhi ukurasa kwenye mfuko wa poliesta, aina ya Mylar, ukiwa na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko laini ya PVC yenye harufu kali hutoa gesi na kunata kwenye wino, itupe. Mchoro wa penseli laini au mkaa usiutie kwenye poliesta, kwani umeme tuli huvuta unga wa penseli kutoka kwenye karatasi. Utenganishe kwa karatasi laini isiyo na asidi. Zilaze kurasa bapa, kwenye nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Kinachoumiza zaidi ni kubadilikabadilika, kwa hiyo dari, ghala na ukuta unaopakana na bafu vyote havifai.

Wino mweusi wa India ni kaboni na haupauki. Kalamu za rangi na za kujazia weusi ni jambo jingine. Wachoraji wengi walijaza sehemu nyeusi kwa kalamu hizo ili kuokoa muda, na leo weusi huo umegeuka kahawia au zambarau huku mistari ya wino kando yake ikiwa myeusi vilevile. Hakuna namna ya kuurudisha, na anayepaka wino mpya juu yake anauharibu ukurasa. Kurasa hizo, pamoja na michoro ya kuagiza ya rangi za kalamu, zisitundikwe ukutani kwa muda mrefu, kioo chochote kile.

Nyingine zikitundikwa, tumia akriliki (plastiki angavu inayochukua nafasi ya kioo) ya kuzuia miale ya urujuanimno na kadibodi yenye dirisha ya pamba isiyo na asidi, ili mchoro usiguse akriliki. Ushikilie kwa pembe za karatasi, au kwa bawaba za karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Fundi wa fremu akitaja kugandisha kwa joto au utepe wa kunata, ondoka na ukurasa wako. Hata kioo bora hakizuii mwanga wote: miezi michache ukutani, kisha ukurasa urudi kwenye folda na mwingine uchukue zamu.

Kiputo kikidondoka, kiweke kwenye bahasha ndogo ndani ya mfuko uleule. Usirudishie gundi ya mpira, ndiyo iliyoacha yale madoa ya kahawia. Madoa hayo, utepe wa zamani na karatasi iliyogeuka njano ni kazi ya mhifadhi wa karatasi aliyefunzwa, na akikufanyia kazi, omba taarifa ya maandishi ya alichofanya, uiweke pamoja na risiti. Ufutio wa nyumbani ukigusa pembezoni, unaondoka na maelezo ya Kirby.